Dawati la Mwalimu: Nambari ya TSC si barua ya kazi

Barua za mwezi huu zimetoka Langoni, Mkomani, Shela, Faza, Watamu na Malindi mjini. Karibu zote zinauliza nani anaruhusiwa kusimama mbele ya darasa, na kwa karatasi gani. Waandishi wameomba tusitaje majina yao.

JINA LANGU LIMEANDIKWA NAMNA MBILI

Assalaam aleykum. Nimemaliza shahada ya ualimu Chuo Kikuu cha Pwani, masomo yangu ni Kiswahili na Historia. Cheti cha KCSE, mtihani wa kidato cha nne, kimeandikwa Mwanaesha, na shahada imekifuata. Kitambulisho kimeandikwa Mwanaisha, tena kimeongezwa jina la babu. Nianzie wapi kutafuta nambari ya TSC? Na nikishaipata nitapangiwa shule? — Mhitimu, Langoni, Lamu

Waaleykum salaam, mwalimu. Tuanze na swali lako la mwisho, maana ndilo linalovunja watu moyo. Kusajiliwa ni jambo moja na kuajiriwa ni jambo jingine. Kifungu cha 237 cha Katiba ya 2010 kimeipa Tume ya Huduma za Walimu, TSC, kazi ya kusajili walimu waliosomea ualimu, halafu, kama kazi ya pili, kuwaajiri hao waliokwisha sajiliwa. Ukipata nambari umepata ruhusa ya kufundisha popote Kenya, shule ya serikali au ya binafsi. Hakuna anayekupangia shule kwa sababu ya nambari. Nafasi za kazi hutangazwa, nawe unaziomba upya. Ila bila nambari hata kuomba huwezi, na hata zile nafasi za walimu wanagenzi hupewa waliosajiliwa tu. Kwa hivyo itafute sasa, usingoje tangazo.

Jina ndilo litakalokuchelewesha kuliko kitu chochote, kwa hivyo usipakie karatasi hata moja kabla ya kulishughulikia. Kwetu Esha na Isha ni mtu mmoja. Kwa anayekagua karatasi Nairobi ni watu wawili, na hana la kufanya ila kukurudishia ombi. Tofauti kama yako, ya herufi au ya jina la babu lililozidi upande mmoja, hutengenezwa kwa hati ya kiapo. Nenda kwa hakimu au kamishna wa viapo na vyeti vyako vyote halisi. Hati iyataje majina yote kama yalivyoandikwa kwenye kila karatasi, herufi kwa herufi, itaje nambari ya kitambulisho na nambari ya mtihani, na iseme waziwazi kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Kosa tunaloliona sana ni kiapo kinachotaja majina mawili huku vyeti vina matatu. Kiapo cha namna hiyo hakisaidii.

Jina likiwa limebadilika kabisa, kwa mfano mtu amesilimu akachukua jina jipya, kiapo hakitoshi. Hapo huandikishwa hati rasmi ya kubadilisha jina, nayo hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Inachukua muda na ni shughuli ya wakili.

Ushauri wetu kwa wenye tofauti ndogo: ukitaka kuumaliza mzozo huu maisha yako yote, kivute kitambulisho kiende kwenye vyeti, usijaribu kuvivuta vyeti vije kwenye kitambulisho. Kitambulisho kina utaratibu wa kurekebishwa, ilhali cheti cha mtihani kilichotoka miaka iliyopita ni kigumu kukigusa. Kitambulisho kipya kikitoka, peleka jina hilo hilo kwenye PIN ya kodi ya KRA na kwenye akaunti ya benki, la sivyo utakuwa umeondoa tofauti moja ukazua mbili.

Jina likishanyooka, kusanya hizi: nakala zilizothibitishwa za cheti cha KCSE na cha shahada pamoja na orodha ya alama za chuo, kitambulisho, PIN ya KRA, picha ndogo ya rangi, fomu ya afya GP 69, na cheti cha maadili mema cha polisi. Mbili za mwisho ndizo zenye miiba.

Cheti cha maadili mema huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, upande wa idara ya upelelezi, DCI, na malipo ni shilingi 1,050. Ukishalipa unachapisha risiti na fomu C24 ya alama za vidole, kisha unakwenda nazo kuchukuliwa alama hizo. Hapo mwangalie sana mwenye saiba, yaani duka la intaneti, anayekuchapishia. C24 ina kurasa mbili na lazima zichapwe mbele na nyuma ya karatasi moja. Akikupa karatasi mbili, hata zikibanwa kwa stepla, utarudishwa dirishani, na ikiwa umevuka maji kutoka Faza au Kizingitini siku hiyo, ndiyo nauli na siku vimepotea. Chapisha nakala mbili kamili kabisa, moja ya akiba. Vidole viende vikavu na visafi. Kama kuna harusi wiki hiyo, acha ncha za vidole bila piko wala hina mpaka umalize, kwa sababu rangi nzito na mafuta huziba mistari midogo ya ngozi na alama inatoka doa jeusi. Wanaobeba matumbawe, kupara samaki au kuosha vyombo kwa sabuni kali kila siku, mistari yao huwa imelika. Wapumzishe mikono siku chache kabla. Cheti kikiwa tayari unakipakua kwenye akaunti ile ile ya eCitizen, kwa hivyo usiisahau nywila.

GP 69 hujazwa na daktari aliyesajiliwa. Nenda hospitali ya serikali asubuhi na uombe daktari mwenyewe. Kabla hujatoka mlangoni hakikisha kuna sahihi, muhuri na nambari yake ya usajili. Fomu yenye muhuri wa zahanati bila nambari ya daktari hurudi.

Baada ya hapo kazi ni ya kompyuta. Unafungua akaunti kwenye tovuti ya TSC, sehemu ya usajili, unajaza, unapakia kila karatasi kama faili ya PDF, unalipa ada na kutuma. Tumia mashine ya skena. Picha ya simu iliyopigwa juu ya meza, yenye kivuli cha mkono na kona moja ya cheti imekatika, ni sababu ya kawaida ya ombi kurudi. Vyeti vyenye maandishi nyuma vipige pande zote mbili. Andika tarehe uliyotuma, kisha ingia mwenyewe kila wiki uone ombi limefika wapi, kwa maana likirudishwa kwa kasoro litakaa hapo kimya likikungoja.

SHAHADA NINAYO, MBONA NAKATALIWA?

Nina shahada ya biashara, si ya ualimu. KCSE nilipata C+ na nafundisha shule ya binafsi Watamu. Nimeambiwa nisome stashahada ya uzamili ya ualimu ya mwaka mmoja nitasajiliwa. Ni kweli? — Mwalimu wa Watamu

Ni nusu ya kweli, ndugu, na nusu iliyobaki ndiyo itakayokula karo yako.

Anayetaka kusajiliwa kufundisha sekondari kwa shahada anatakiwa awe na wastani wa C+ katika KCSE na C+ katika masomo mawili atakayofundisha. Shahada yenyewe haifuti alama za kidato cha nne. Asiyesomea ualimu anaongeza hiyo stashahada ya uzamili, pamoja na mazoezi ya kufundisha. Lakini kuna sharti jingine ambalo wengi hulisikia wamekwisha kulipa: kwenye shahada yako ya kwanza lazima uwe umesoma vitengo (kozi) visivyopungua 8 katika kila somo kati ya hayo mawili.

Toa orodha yako ya alama za chuo uiweke mezani. Chukua kalamu mbili za rangi tofauti. Kwa rangi moja tia alama vitengo vya biashara. Hapo utavuka 8 bila taabu. Kwa rangi ya pili tia alama vya somo la pili, tuseme Hisabati. Wengi wenye shahada kama yako huishia vitatu au vinne, kwa kuwa takwimu kidogo za mwaka wa kwanza ndizo hesabu zote walizosoma. Ukifika hapo stashahada haitakuokoa, maana tatizo liko kwenye shahada. Chuo kitakupokea, kitakufundisha na kitakuhitimisha, halafu TSC itakurudisha. Njia iliyobaki ni kuongeza vitengo vilivyopungua katika chuo kinachokubali, au kuanza shahada ya ualimu. Hesabu kwanza, lipa baadaye.

Kwa wanaofikiria shule ya msingi: mafunzo ya cheti cha P1 yamepisha stashahada tangu 2021, na anayejiunga anahitaji C ya KCSE. Wenye P1 ya zamani waliosajiliwa usajili wao uko pale pale.

WALIMU WANGU WATATU HAWANA NAMBARI

Nina shule ya binafsi Malindi, chekechea hadi darasa la 9. Walimu watatu hawajasajiliwa lakini wanafundisha vizuri kuliko wenye vyeti. Kuna pia Mtaliano aliyestaafu anayejitolea kufundisha muziki na lugha. Wakaguzi wakija nitakuwa na kosa? Na mimi mwenyewe naweza kuwa mwalimu mkuu? — Mwenye shule, Malindi

Kosa lipo tayari, mheshimiwa, hata wakaguzi wasipofika. Sheria ya TSC ya 2012, kifungu cha 23, inasema mtu asifanye kazi ya ualimu bila kusajiliwa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mwenye shule ya binafsi aajiri walimu waliosajiliwa. Hakuna mlango wa pembeni kwa shule za binafsi, wala kwa chekechea. Kwamba walimu wa chekechea za umma wanaajiriwa na kaunti hakuondoi usajili wa TSC.

Wanaofundisha vizuri bila nambari wako wa aina mbili, na ni vyema ujue wako ni wa ipi. Kuna aliyesomea ualimu akachoka na foleni ya karatasi. Huyo mlipie nauli na cheti cha polisi, mpe wiki, shauri limekwisha. Na kuna asiyesomea kabisa. Huyo hawezi kusajiliwa mpaka akasome. Kama unampenda, msaidie karo na umpe kazi isiyo ya kufundisha wakati anasoma.

Mwalimu mkuu naye ni mwalimu aliyesajiliwa. Wewe ukiwa na nambari, unaweza. Ukiwa mfanyabiashara tu, wewe ni mwenye shule. Ajiri mwalimu mkuu umwachie darasa na ratiba. Shule nyingi za ukanda wetu zinakwama hapa, kwa kuwa anayeshika pesa anataka kushika na chaki.

Mtaliano wako, kujitolea hakumwondoi kwenye sheria ya uhamiaji. Anayefanya kazi, hata bila malipo, anahitaji kibali, na ruhusa ya kuingia nchini kama mtalii si kibali. Akishika darasa kama mwalimu wa somo anaingia pia kwenye usajili wa TSC, pamoja na ukaguzi wa tabia yake kutoka kwao. Akija mara moja kwa mwezi kuwapigia watoto kinanda huku mwalimu wa darasa yumo chumbani, huyo ni mgeni. Usimwache peke yake na watoto. Wala hili halihusu Wazungu peke yao.

Sasa, faili. Kwa kila mwalimu weka cheti cha TSC, nakala ya kitambulisho, vyeti vya masomo, cheti cha maadili mema na barua ya kazi. Cheti cha TSC usikiamini kwa macho. Ukague nambari yenyewe kwa TSC kabla ya kutia sahihi mkataba, kwa sababu vyeti vya kughushi vipo na vinapendeza. Angalia kwamba jina, nambari na kitambulisho vinakubaliana. Mpigie pia simu mwalimu mkuu wa shule aliyotoka. Tafuta nambari ya shule hiyo mwenyewe, usipewe na mwombaji.

Na kuna jambo ambalo hukuliuliza. Mwalimu akimgusa mtoto vibaya, shule nyingi za binafsi humlipa mshahara wa mwezi na kumwomba aondoke kimya, ili jina la shule lisichafuke. Wiki ya pili yuko shule nyingine kilomita 20 kando ya barabara, na nambari yake ni safi kama siku aliyopewa. Waraka wa TSC nambari 3 wa 2010 unataka habari ya namna hiyo iripotiwe ndani ya saa 24, na anayeificha naye ana kosa. Kifungu cha 30 cha sheria ya TSC kinaruhusu jina la mwalimu aliyehukumiwa kwa kosa la ngono au kosa dhidi ya mwanafunzi lifutwe kwenye daftari. Lakini TSC haiwezi kufuta jina ambalo halijafikishwa kwake. Ripoti polisi na kwa mkurugenzi wa TSC wa kaunti, kwa maandishi, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

MAALIM WA MADRASA

Nasomesha Qurani na fiqhi madrasa, Lamu. Tumeanza kuongeza Kiingereza na hesabu asubuhi. Nami nahitaji TSC? — Maalim, Mkomani

Kwa Qurani na fiqhi ndani ya madrasa, la. Ijaza yako, ile idhini ya kusomesha, na heshima ya walimu wako zinatosha, na Lamu imesomesha hivyo tangu kabla TSC haijaundwa 1967. Mpaka unavukwa pale madrasa inapoanza kufundisha mtaala wa taifa. Hizo hesabu za asubuhi, zikiwa ni masomo ya darasa la kwanza au la pili na watoto hawaendi shule nyingine, mmekwisha kuwa shule mbele ya sheria: lazima isajiliwe kupitia Bodi ya Elimu ya Kaunti, na wanaofundisha masomo hayo wawe na nambari. Sheria ya Elimu ya Msingi yenyewe inazitambua madrasa na duksi (vyuo vya Qurani vya Wasomali) na inazungumzia kuziunganisha na mfumo rasmi, kwa hivyo ukienda ofisini hutaonekana mgeni.

Somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu likifundishwa katika shule ya serikali kama somo la mtihani, mwalimu wake anahitaji TSC kama mwalimu wa Kemia. Maalim wengi wazuri wamekosa nafasi hizo kwa kukosa KCSE. Walio na vijana wenye ijaza mkononi na akili ya shule wawahimize wafanye na KCSE.

NAKAIMU MIAKA MIWILI, CHEO HAKIJI

Mimi ni naibu shule ya msingi, Lamu Mashariki. Mwalimu mkuu alihamishwa, nimekaimu miaka miwili. Nimesikia sasa wakuu watatakiwa leseni yao. Nisome nini? — Naibu, Faza

Kenya haina leseni ya pekee ya mwalimu mkuu. Mkuu hutambuliwa kwa nambari ile ile ya ualimu, kisha ngazi, usaili na barua ya uteuzi. Labda ulilolisikia ni la Marekani, ambako majimbo mengi yana leseni mbili, ya mwalimu na ya mkuu wa shule. Texas, kwa mfano, anayetaka kuongoza shule lazima awe na leseni ya ualimu, shahada ya uzamili, miaka 2 ya kufundisha, apite programu ya maandalizi na mitihani, na cheti chake huhuishwa kila baada ya miaka 5 kwa saa 200 za mafunzo. Hapa kwetu hakuna kitu kama hicho.

Swali letu kwako ni moja: barua ya kukaimu umeandikiwa na nani? Ikiwa ni mwalimu mkuu aliyeondoka aliyekuachia funguo, au halmashauri ya shule, basi kwenye kumbukumbu za TSC wewe bado ni naibu na miaka hiyo miwili haina ushahidi. Mwandikie mkurugenzi wa TSC wa kaunti kupitia wa kaunti ndogo, uombe barua ya kukaimu yenye tarehe ya kuanza. Ambatanisha kumbukumbu za makabidhiano: daftari la mali, taarifa za benki, mihuri. Kama hamkuandikiana makabidhiano, fanya hilo kwanza, maana siku hesabu zikipungua utaulizwa wewe.

Ngazi za shule ya msingi kwa viongozi ni C4 kwa naibu wa pili, C5 kwa naibu wa kwanza na mwalimu mkuu, na D1 kwa mwalimu mkuu mwandamizi. Utaratibu wa kawaida ni miaka 3 katika ngazi moja kabla ya kuomba inayofuata. Angalia hati yako ya mshahara uko ngazi gani leo. Naibu aliye C3 hawezi kurukia C5 kwa sababu tu amekaimu. Nafasi hutangazwa, unaomba, unasailiwa, na kwenye usaili kuna alama za karatasi ambazo huzipati kwa ufasaha wa maneno: tathmini za utendaji kazi wa mwalimu, TPAD, bila pengo, barua za majukumu, na mafunzo ya uongozi. Hayo mafunzo, stashahada ya usimamizi wa elimu ya taasisi ya KEMI ndiyo wasaili wanayoijua zaidi. Pengo la TPAD ndilo ugonjwa wa visiwani. Mtandao unakatika mwisho wa muhula, mtu anasema nitajaza likizo, likizo inapita. Jaza wiki mbili kabla ya kufunga.

Yale mafunzo endelevu ya walimu, TPD, yaliyozinduliwa 2021 ni habari nyingine. Yalipangwa kwa moduli 6, kila moja miaka 5, kwa shilingi 6,000 kwa mwaka kutoka mfuko wa mwalimu mwenyewe, na vyama vya walimu vilipinga gharama hiyo. Msingi wake uko kifungu cha 35 cha sheria ya TSC, kinachomtaka mwalimu ajiendeleze na achukue cheti cha kufundisha. Uliyelipa, tunza risiti na vyeti vya sehemu ulizomaliza.

WAKALA ANANIAMBIA MAREKANI WANAKUBALI TSC

Nafundisha Hisabati na Fizikia, nimeajiriwa na TSC miaka minne. Wakala anasema leseni yangu inatosha kufundisha Marekani, anataka malipo ya mbele. — Mwalimu, Malindi

Shikilia pesa zako kwanza. Marekani haina leseni moja ya taifa. Kila jimbo lina yake, na hata Mmarekani akihama jimbo hutengeneza karatasi upya. TSC yako haitafsiriki moja kwa moja kuwa leseni ya jimbo lolote. Kazi yake ni kuthibitisha kwamba kwenu wewe ni mwalimu halali.

Njia wanayopita wengi ni viza ya J-1 ya walimu. Masharti yake yako wazi: shahada inayolingana na ya kwao, angalau miaka 2 ya kufundisha, uwe mwalimu kazini wakati unaomba, na utimize masharti ya jimbo unakokwenda. Muda ni hadi miaka 3, na unaweza kuongezewa miaka mingine isiyozidi 2. Ukimaliza unakaa nje ya Marekani miaka 2 kabla ya kuomba tena nafasi hiyo. Mdhamini aliyeidhinishwa na serikali ya Marekani ndiye anayetoa fomu DS-2019 ya kuombea viza hiyo. Basi muulize wakala maswali matatu: mdhamini ni nani, ni jimbo gani na wilaya gani ya shule, na leseni nitakayopewa na jimbo hilo inaitwaje. Akijibu la kwanza kwa kigugumizi, usiendelee na la pili.

Tarajia kwamba alama zako za chuo zitatathminiwa na kampuni inayokubaliwa na jimbo, na chuo ndicho kitakachozituma moja kwa moja. Bahasha uliyoifungua wewe haihesabiki. Majimbo mengi hutumia mitihani ya Praxis, mengine yana yake, kama TExES ya Texas. Alama za vidole utatoa tena huko. Na jina, tena jina: pasipoti, shahada na TSC viwe na herufi zile zile.

Jambo la mwisho ndilo linalowaponza walioajiriwa. Omba likizo isiyo na malipo kwa maandishi na usubiri ruhusa mkononi. Anayepanda ndege akidhani atamaliza karatasi baadaye anahesabiwa ametoroka kazi. Kesi ya utoro inakwenda mbele ukiwa huko, na jimbo likiuliza TSC kama u mwalimu mwenye sifa njema, jibu litakuwa hilo.

KWA KIFUPI

Mwalimu wa Shela anauliza: amepewa barua ya kusimamishwa kwa muda, je, nambari yake imekufa?

Haijafa, bibi. Jina hufutwa baada ya kesi kusikilizwa na uamuzi kutoka. Kabidhi vitu vya shule na uondoke kituoni ndani ya saa 48. Andika utetezi wako ndani ya siku 21 tangu upokee barua, ukijibu kila shitaka kwa nambari yake, na uutume kwa njia inayoacha ushahidi wa kupokelewa. Utalipwa nusu mshahara, isipokuwa kwa makosa kama ya ngono, utoro au fedha za shule, ambayo hayana malipo. Uamuzi ukikuelemea, una siku 90 za kuomba upitiwe upya. Ukihama nyumba katika muda huo, wapelekee TSC anwani mpya, maana barua ya kuitwa kwenye kesi hutumwa kwenye anwani waliyo nayo, na kesi inaweza kusikilizwa bila wewe kuwepo.